Dume la Sikukuu ya Mavuno

Mikumi,
9 Novemba 1975

Kwako dada yangu Raheli,

Shikamoo. Mwaka huu imetimia miaka ishirini tangu niteremke milima yetu kwenda kukata mkonge Kimamba, nikidhani nitakaa misimu miwili tu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halipendi asubuhi. Je, wewe hujambo? Kifua kimepoa? Magreti na mtoto wanaendeleaje? Maharage uliyompa Damiano aniletee yalifika na tulikwisha kuyala. Barua yako nayo niliisoma, kwamba umeiezeka upya nyumba ya Baba na unaningoja kabla ya mvua. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Ngoja kwanza nikupe habari za nguruwe, maana jibu limo humo.

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, sisi Wakristo tuna mradi wa nguruwe. Banda tumelijenga pembeni, upepo usiwasumbue majirani Waislamu. Lakini kila mwaka nguruwe walizidi kudumaa. Jirani yangu Mzee Shomari, ambaye nyama hiyo haigusi, aliniuliza kama siku hizi tunafuga panya buku. Tuliongeza pumba, tukaziba paa, tukawapa dawa ya minyoo. Wapi!

Nikaazima kijitabu kwa bwana mifugo. Kilieleza kwamba kila mnyama ana chembe za urithi, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Urefu wa mgongo na unene wa mafuta chini ya ngozi hurithiwa sana. Wingi wa watoto katika uzao mmoja hurithiwa kidogo tu, hutegemea zaidi malisho na matunzo. Hapo nikaliona kosa letu. Kila sikukuu ya mavuno, kama tulivyofundishwa misheni, tulimtolea Mungu nguruwe aliye bora kuliko wote. Alinadiwa, akachinjwa, akaliwa. Waliobaki, wale dhaifu, ndio waliopanda majike. Mbegu nzuri tulikuwa tunaila wenyewe, tena kwa nyimbo.

Mwaka huu tulikuwa na dume mmoja mwenye mgongo mrefu kama benchi la kanisani, mapaja yamejaa, mafuta kidogo. Katekista Yeremia alikwisha kumchagua kwa sadaka. Nikawaomba wazee wamwache. Yeremia akauliza kama nataka tumpelekee Mungu makombo. Mama Costancia, msimamizi wa mapishi, akasema mzee huyu anampenda nguruwe kuliko mchuzi. Walicheka mpaka nami nikacheka.

Nikasema basi atolewe akiwa hai. Awe mali ya kanisa, apande majike yote, na sadaka ya kuchinjwa itoke kwa watoto wake waliohasiwa. Kisha Yeremia akauliza, bila ubaya, ni nani atakayemtunza. Alisema faida ya dume huonekana kwa watoto na wajukuu, na kijiji kizima kimesikia kwa Damiano kwamba mzee Tomasi anaezekewa nyumba milimani. Nikiondoka, watabakiwa na mlaji asiye na mwenyewe, na Krismasi haitamkuta.

Jumapili ya mavuno, mwezi wa sita, nilimwingiza kanisani kwa kamba. Njiani kuelekea madhabahuni alikula boga la sadaka la Mama Costancia, naye akasema kwa sauti kwamba basi hilo nalo limepokelewa. Mbele ya watu wote Yeremia aliniuliza kama nitabaki kumtunza dume huyu na uzao wake maadamu nina nguvu. Nikaitika ndiyo. Hukuwepo kunisikia, dada, ndiyo maana nakuandikia.

Wiki tatu zilizopita jike la Ida, mwenzetu wa mradi, lilizaa tisa, wote wamenyooka migongo. Mzee Shomari alichungulia kwa mbali akauliza tumewalisha nini. Nikamwambia tumewapa baba.

Nimefurahi, Raheli, kuliko nilivyotegemea. Bado nakumbuka harufu ya moshi wa jiko la Mama asubuhi za ukungu, na hapa hakuna ukungu. Wakiachishwa kunyonya, Damiano atakuletea dume mmoja. Huyo usimpeleke sadaka kabla hajazaa. Nisalimie wapwa zangu wote, na kaburi la Baba lipalilieni kwa niaba yangu. Nyumba mpe mwanao Cleopa aingie na mkewe kabla ya mvua. Mimi sitarudi.

Mdogo wako akupendaye,
Tomasi