Mursik Kabla ya Ushindi

Jumatano, 5 Novemba 2025

Nimenyoa! Kinyozi wa Sosiot akaniuliza kama ni harusi. Nikamwambia hii ni kubwa kuliko harusi — tamasha la filamu, Kabianga, siku mbili. Akacheka mpaka mashine ikaniruka sikioni. Acheke tu. Siku jina langu litapita kwa skrini, KIPKIRUI, herufi nyeupe juu ya chai ya kijani, atajisifu ati ni yeye alinyoa kichwa cha dairekta.

Filamu yangu ni dakika sita. Kogo, nyanya yangu, anachuma chai kwa ukungu. Basi. Hakuna neno hata moja, kwa sababu maikrofoni ya simu ilikufa. Watu nawaambia ni staili. Tamasha waliikataa. Sawa! Siendi kuonyeshwa, naenda kujulikana. Kuna prodyuza wa Nairobi, Madam Wanjuhi, atapiga filamu huku kwetu mwezi wa kwanza na anatafuta mtu wa kamera ya pili. Mtu mwenyewe ni mimi. Ni vile tu yeye hajajua.

Mama kusikia hivyo, akatoa kibuyu, akakisugua na mkaa ndani, akamimina maziwa. Mursik! Ile ya kupokea wakimbiaji wakirudi na medali. Nikasema, Mama, si ungengoja nishinde? Akasema maziwa hayangoji mtu, yanataka siku zake. Ukirudi mshindi tutakunywa kwa vigelegele. Usiporudi mshindi tutakunywa kimya kimya.

Ijumaa, 7 Novemba

Ukumbi mkubwa, paa la mabati, mapazia meusi. Nje ni mchana, ndani ni usiku wenye dirisha moja la mwanga. Nikasahau kupumua. Ningekaa humo mwaka mzima, waniletee chai tu.

Lakini kazi! Nilimwona Madam Wanjuhi safu ya mbele — miwani, skafu nyekundu. Sasa, mimi nimelelewa. Mtu haingii mahali akasalimia mmoja na kuruka wengine. Nikaanza kiti cha kwanza nyuma, mkono kwa mkono, habari yako, chamgei, mimi ni mtoto wa Isaiah wa Sosiot. Wengine walinyanyua kichwa kama wameguswa na nyoka. Nilipofika mbele, skafu imeenda kunywa chai.

Fancy, binti ya mjomba, amekuja kama "timu" yangu. Ati, "Unaomba kazi ama unaomba kura?"

Shida ya Fancy ni wivu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mungu ni wa Sosiot! Andika hiyo.

Filamu ya mwisho ilikuwa inaendelea, watu wanaongea tu ndani yake, wanaongea, wanaongea — halafu mvua ya mawe. Paa likalia kama lori linamwaga kokoto. Midomo kwa skrini inacheza, hakuna sauti. Wakasimamisha. Hakuna mtu angetoka nje. Na kiti kando ya Madam kilikuwa wazi.

Sikusalimia mtu! Nilikaa tu. Kuongea haingewezekana, kwa hivyo nilimwekea simu mbele ya miwani. Kogo, ukungu, vidole. Filamu isiyotaka sauti, kwa ukumbi usiosikia sauti. Aliangalia yote. Mawe yanapiga juu, na mimi naona nyumba ya ghorofa, mimi na kofia, nasema "Kata!" na watu wanakata.

Mvua ilipotulia akauliza, "Huyu mama ni nani?"

Nyanya yangu, Madam.

"Naweza kumwona kesho?"

Hakuuliza nani alishika kamera. Nikamwambia mwenyewe. Nikamwambia pia niko na timu, na droni. (Fancy akakohoa.) Akasema kamera ya pili ni kama ameshapata mtu, ila tuonane kwanza. Nikamwandikia Mama: kesho nakuja na Madam!

Jumapili, 9 Novemba

Niko jikoni. Nimesema nakuja kuongeza vikombe.

Tulipofika, kwa geti — majirani wote, bado na nguo za kanisa, kwaya nzima! Mama alijua mtu haleti prodyuza wa Nairobi nyumbani bure. Akakata sinendet kwa ua, ule mmea wa kuvika washindi, akanizungushia shingoni. Vigelegele. Madam anatabasamu, skafu yake na majani yangu. Kisha akauliza wazi kabisa: "Ameshinda nini?"

Fancy aliangalia mbingu. Mimi niliangalia viatu.

Kogo akanipa kibuyu ninywe kwanza. Akasema, "Ametuletea mgeni." Halafu akampa Madam. Akanywa! Akabaki na masharubu ya kijivu.

Sasa wako sebuleni. Madam amemwomba Kogo achume mbele ya kamera, mwezi wa kwanza. Kogo amekubali. Madam akasema mpiga picha wake ni mzuri sana, ametoka Nairobi. Kogo akamjibu kwa Kikipsigis na Fancy anatafsiri, sauti juu, chumvi imo: ati mgeni akisimama nyuma yake mkono unashtuka, unashika majani magumu ya chini, na hayo kwa kituo cha kupima chai wanarudisha. Anachuma vizuri akiwa na huyu tu. Huyu ni mimi.

Fancy ameongeza, bila kuulizwa, kwamba droni hakuna.

Nasikia kijiko cha Madam kinazunguka kikombeni. Nje ukungu umeanza kushuka kwa chai, pole pole, vile ilikuwa siku ile napiga. Nimeshika sinendet niivue. Nimeiacha.

Kijiko kimesimama.

"Kipkirui!" — Kogo na Madam, wote wawili pamoja.