Sitaki Harufu ya Oili Iishe Garini

Mpendwa Shangazi Aurelia, naomba unisaidie kabla sijaharibu harusi ya mwanangu mwenyewe. Nakuita Shangazi kama wasomaji wote wanavyokuita, ingawa huenda nimekuzidi umri, na jina langu litaje tu, Agripina wa Ukata, maana hata ukilificha haitasaidia, pikapu nyeupe ya zamani inayonuka oili iliyoungua huku kwetu ni moja na kila mtu anajua ya nani.

Pikapu hiyo ni ya marehemu mume wangu Placidi. Ilibeba kahawa yetu, ilibeba wagonjwa wa majirani, ilibeba kwaya nzima ikiimba njia nzima mpaka sauti zikakauka, na ndimo mimi nilimojifunzia kuendesha, yeye pembeni akikanyaga breki ambayo upande wake haipo. Sasa siku moja tulishuka ziwani, Kihagara, kununua usipa, vile vidagaa vya ziwani, wa kuja kuuza huku juu, akafungua boneti kuongeza oili, mfuniko akauweka pale juu ya betri, wakaja wavuvi wakaanza kumpigia soga, naye kwa soga ndiye mwenyewe, akashusha boneti, tukaondoka, na kilima cha kwanza tu mfuniko ukadondoka tusijue wapi. Tulirudi kuutafuta barabarani na mchangani mpaka tukachoka tukabaki tunacheka.

Basi Placidi akachukua gunzi la mahindi. Wewe unajua sisi Wamatengo, gunzi ndicho kizibo cha kila kitu, dumu la togwa gunzi, chupa ya mafuta ya taa gunzi, kibuyu cha mbegu gunzi, hatuoni ajabu. Akalichonga kwa kisu, akachana kipande cha shati lake kuukuu la kwaya alilokuwa anafutia mikono, akalizungushia gunzi hilo, akaliingiza pale pa kujazia oili, akaligonga kwa kiganja. Akaniambia, "Hili la muda tu, Mama Lidia. Tukifika Mbinga nanunua mfuniko."

Hakununua, Shangazi. Kila siku ilikuwa kesho. Gari likaanza kunuka oili kila tukimaliza kupanda mlima, nami nalalamika nguo zangu zinanuka gereji, yeye anacheka anasema injini inapika, subiri ikupakulie. Halafu presha ikamchukua ghafla, wakati kahawa imeiva haijachumwa, na tangu hapo mimi ndiye dereva.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikipanda kutoka ziwani alfajiri, gari limejaa usipa, madirisha nimefunga kwa sababu ya baridi, nikifika juu kabisa nasimama pembeni. Ukungu umelala kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani, ziwa liko kule chini huwezi kusema ni maji au ni mbingu, kimya kabisa, na ile harufu inaanza kuja, taratibu, inapita kwenye matundu ya hewa, inanifika puani, na Shangazi, Placidi anakuwepo. Simwoni, sidanganyi, sijawahi kumwona. Lakini siti ya pembeni inakuwa na mtu. Namweleza bei ya usipa, namweleza nani kazaa, naegemeza kichwa kwenye kioo, natulia, najisikia kama ninaelea, na mara nyingine nasinzia kidogo, nikiamka kichwa kizito na jua limeshapanda, sikumbuki hata nilizima injini au nilisahau. Ni raha ambayo siipati kanisani wala kaburini kwake, Mungu anisamehe.

Shida ikaanzia kwa Lidia, mwanetu. Alipanda nami siku moja akasema mama hili gari litaungua, akamwita Tadei, fundi wetu, kijana mstaarabu sana, ananisalimia shikamoo hata akiwa chini ya gari miguu tu ndiyo inaonekana. Tadei akafungua boneti akalikuta gunzi, akacheka mpaka akakaa chini, akatafuta mfuniko mpya, akasafisha injini yote ikang'aa. Gunzi alitaka kulitupa, nikamwambia nipe, nikalificha kwenye kanga.

Nikashuka ziwani na gari safi. Nikapanda. Nikasimama mahali petu, ukungu ule ule, ziwa lile lile, na hakuna aliyekuja. Nilikaa nikalia kama siku ya msiba, kwa kweli zaidi ya siku ya msiba, maana siku ile kulikuwa na watu. Halafu nikashuka, nikafungua boneti, nikatoa mfuniko mpya, nikarudisha gunzi la Placidi.

Na hapo ndipo dhambi ilipo. Harufu iliporudi Lidia akanirudisha kwa Tadei, nami kabla ya kufika nikasimama njiani, nikatoa gunzi, nikafunga mfuniko, nikafuta futa na tambara. Tadei akatafuta hakuona kitu, akasema labda gasketi ya juu imechoka, akabadilisha. Nikiondoka tu kwake narudisha gunzi. Harufu ikarudi. Akasema labda sili, akahangaika, akalala chini ya gari kutwa nzima na mvua inanyesha, mimi nimekaa kwenye benchi lake nakunywa chai yake. Harufu ikarudi tena! Sasa watu wanasema Tadei hajui kazi, mwenye lori la mahindi amehamishia gari lake kwa fundi mwingine, na juzi alinifuata baada ya misa, macho chini, akaniambia, "Mama, nisamehe, hili gari limenishinda."

Nilisema hapana neno mwanangu. Ndivyo nilivyosema, Shangazi. Nilimsamehe!

Baada ya Pasaka Lidia anaolewa Lipingo, kule chini ziwani, na kijana mmoja anaitwa Hamphrey, mwalimu, hana neno. Marehemu baba yake alimwahidi Lidia tangu mdogo kwamba atampeleka kanisani mwenyewe kwa pikapu hii, na Lidia anaitaka pikapu hii, hataki gari lingine, lakini sasa anasema kama Tadei ameshindwa basi tuiuze, akodi teksi, hawezi kushuka mbele ya wakwe ananuka oili au gauni limeungua. Na mimi, nikueleze ukweli wote, siku ile ndiyo siku ninayoitaka harufu kuliko siku zote, ili baba yake awepo. Nikiliacha gunzi namhatarisha mtoto. Nikilitoa namwacha Placidi njiani, aliyechonga kile kitu kwa mikono yake. Nikisema ukweli nitamtazamaje Tadei? Nifanyeje?

Mimi, Agripina, Ukata.


SHANGAZI AURELIA ANAJIBU

Mama Lidia, pole. Pole ya kweli, si ya kuanzia barua. Nimeisoma yako mara mbili, mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikataka kuja Ukata nikunyang'anye funguo.

Mimi si fundi. Ila nimeolewa na dereva wa malori, na harufu za magari nimezifua kwenye nguo zake ujana wangu wote, kwa hiyo tuelewane. Breki zikiungua ni wakati wa kushuka mlima, na harufu inatoka magurudumuni, kali. Klachi ikiungua inanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na gari linakosa nguvu. Oili ikiunguzwa ndani ya injini utaona moshi wa bluu unatoka nyuma. Yako siyo hizo. Yako ni oili inayotoka nje ya injini na kudondokea bomba la ekzosi lenye moto, ndiyo maana unaisikia ukimaliza kupanda na kusimama, upepo wa kuipeperusha ukiwa haupo. Tadei alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alitibu ugonjwa sahihi kwa mgonjwa anayemdanganya daktari.

Unajua gunzi linafanya nini pale? Injini ikizunguka inarusha oili, gunzi limekauka, limesinyaa, tambara limelowa, oili inapenya pembeni inatiririka mpaka kwenye bomba. Siku moja haitanuka, itawaka. Na gunzi linamegeka! Chembe zake zinaingia ndani, zinaziba njia za oili, injini inakosa oili inajisaga yenyewe mlimani, nyuma yako kuna lori. Umempangia Lidia safari hiyo, na gauni jeupe juu.

Sasa nije kwenye lile ulilolisema polepole, nililolisikia kuliko yote. Unasema unaelea. Unasema unasinzia na kuamka kichwa kizito, hukumbuki kama ulizima injini. Mama, sitakubishia kwamba Placidi anakuja. Mimi sijui wafu wanakaa wapi, na kama mume wangu angekuja kwa harufu ya soksi zake ningezitundika mlangoni. Lakini kichwa kizito na usingizi wa ghafla kwenye gari lililofungwa madirisha, huo ni moshi. Moshi, Mama Lidia. Unavuta hewa mbaya ukidhani ni faraja, na asubuhi moja hutaamka, usipa utaoza nyuma yako, na Lidia atazika wazazi wawili badala ya kuolewa. Kuanzia leo madirisha wazi, hata kwa baridi. Vaa sweta.

Na Tadei! Kijana amelala kwenye matope kwa ajili ya gari lenu, ameachwa na wateja, amekuja kukuomba msamaha, ukampa. Ulipata wapi moyo huo? Sikusemi ili ulie, umeshalia vya kutosha, nakusema ili uinuke. Majibu haya nakutumia kwanza kwenye simu yako. Gazeti linatoka Ijumaa, na Tadei anasoma gazeti kama watu wengine. Kwa hiyo una mpaka Ijumaa kumwambia kwa mdomo wako mwenyewe. Usipeleke gari kwanza, nenda kwa miguu, ukae kwenye benchi lile lile, useme, "Mwanangu, hukushindwa, mimi nikiondoka hapa nilikuwa natoa mfuniko wako narudisha gunzi." Usianze na habari ya mapenzi wala ukungu. Sema hilo kwanza. Mengine atayasikia akishakaa sawa. Halafu Jumapili, misa ikiisha watu wakiwa bado wamesimama nje, mshike mkono useme mbele yao kwamba Tadei ni fundi na wewe ndiye uliyemharibia. Na mwenye lori la mahindi awepo, hata kama utamfuata kwake Jumamosi kumwalika.

Kisha mpelekee gari na gunzi likiwa ndani, alione lilivyokaa. Amwage oili yote, atazame kama kuna vipande vya gunzi chini, asafishe. Akimaliza, gari litaendelea kunuka siku chache, ni oili ya zamani inamalizikia kwenye bomba, usishangae na wala usishangilie. Harufu ikizidi hapo, rudi kwake, safari hii bila ujanja.

Gunzi usilitupe. Sikuambii ulitupe, mimi siyo jiwe. Litafutie chupa ya kioo yenye kifuniko kizuri, uliweke na kitambaa chake cha shati la kwaya, ukae nalo chumbani. Ukimkumbuka, fungua, nusa, mweleze bei ya usipa, lia, funga, kalale. Kwenye kitanda chako. Siyo kwenye usukani.

Bado umeniuliza siku ya harusi Placidi atakuwepo vipi. Nimefikiri sana hapa, nikarudi kwenye barua yako, nikaona kwamba mwenyewe alishasema. Hakukuambia, "Mke wangu, linda hili gunzi." Alikuambia, "Tukifika Mbinga nanunua mfuniko." Hiyo ndiyo ahadi aliyoiacha, na wewe kila ulipokuwa unautoa mfuniko ulikuwa unamzuia mume wako asiitimize.

Kwa hiyo siku ya kushuka Lipingo, kabla hamjaondoka, mwite Lidia, mwambie yote, kisha ufungue ule mfuniko mpya, umpe mkononi aukaze mwenyewe, kwa niaba ya baba yake. Afunike gauni kwa kanga asije akachafuka. Ndipo mshuke ziwani, madirisha wazi, mkifika mahali penu pa ukungu msisimame, punguzeni mwendo tu, na kama siti itakuwa na mtu itakuwa, na kama haina, mtaona ziwa.

Alisema la muda tu, Mama Lidia. Muda wenyewe umekwisha.