Nati Uliyoichomelesha, Shemeji

Nyumbani kwa Mama,
Nyumba ya mwisho, njia ya gereji.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Salamu zikufikie huko uliko, na zikukute mzima kuliko sisi. Dada yako hajambo, kikohozi kimempungua. Mama anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia, na nyonga ile aliyovunjika bado inamtesa akikaa vibaya. Mimi sijambo, isipokuwa kiganja cha kulia kimefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko umepinda. Je, wewe? Baridi ya huko umeizoea?

Usishtuke kuona barua nene. Siombi kununuliwa kitu. Ninachotaka nitakisema mbele, na hakina gharama.

Gari ulilotuachia unalikumbuka. Mama hajawahi kuliita jina lingine ila "gari la mwanangu", na ndilo ninalompelekea kliniki. Tangu mvua ichimbe barabara, shokapu ya nyuma, upande anaokaa yeye, ilikufa kabisa. Kila shimo liligonga moja kwa moja kwenye nyonga yake. Safari ya mwezi uliopita alilia, shemeji. Alilia kimya, uso ameugeuzia dirishani ili mimi mkwe wake nisimwone. Nikaapa kwamba hapandi tena gari lile kabla sijabadilisha shokapu.

Fundi wa kona alikuwa na foleni ya magari mpaka barabarani, nami nikasema kazi ya shokapu si ya kumshinda mtu mwenye jeki na spana. Si wewe mwenyewe uliifanya pale uani ulipokuja likizo? Ulivua shati, ukalala chini ya gari mbele ya Mama na majirani, ukatoka na grisi mpaka masikioni, tukakupigia makofi. Jina la Injinia ulilipata siku ile. Mpaka leo hakuna mgeni anayekunywa chai hapa bila kusimuliwa habari hiyo.

Basi nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikapiga jeki, nikakita gogo chini ya gari, nikavua tairi na kutambaa ndani. Nati ya juu ilitoka bila maneno. Ya chini nikaipulizia mafuta ya kulegeza, nikaiacha ilowe, nikarudi na spana ya ringi, nikaichomekea bomba la chuma ili nipate nguvu. Haikutikisika hata kidogo. Nikasema ni kutu, nikajaza mafuta tena. Mara ya tatu nikaning'inia kwenye lile bomba kwa uzito wangu wote, spana ikaruka, kiganja kikapasuka kwenye ukingo wa bodi.

Nilipokwangua uchafu kwa brashi ya waya ndipo nikayaona madonge ya moto. Nati imechomelewa.

Nikaenda kwa yule jirani mchomelea mageti kuazima grainda ya kukatia chuma, mkono umefungwa kitambaa. Nilipomweleza akacheka mpaka akaketi.

"Ile nati ya Injinia? Haikuwa ya bolti ile, bwana. Aliilazimisha ikala meno, ikakwama njiani, haiendi wala hairudi. Akaja kwangu mbio, akaniambia nipige moto mara moja na nisimwambie mtu."

Sikucheka. Nati ya kawaida inauzwa duka lile pale, hata maji ya chai hayachemki kabla hujarudi nayo. Lakini watu walikuwa wanatazama, na wewe ulitaka kuinuka ukiwa Injinia. Ulijua kwamba siku moja ile shokapu itakufa, na ulijua nani atalala chini yake. Nina hasira nawe, na bora niiandike kuliko kukaa nayo.

Moto nisingeweza kutumia, tangi la mafuta liko pale pale juu. Nikalifunika kwa magunia yaliyolowa, nikaikata nati ubavuni kwa grainda polepole, nikaipasua kwa tindo. Bolti nayo ikagoma ndani ya bushi, ile pete ya mpira inayoishika, nikaigonga mpaka mabega yakakataa, na jua lilikuwa linazama ilipotoka; shokapu mpya nikaifunga kwa mwanga wa tochi.

Muda wote huo Mama alikuwa kibarazani kwenye kiti chake. Haoni vizuri, lakini masikio yake unayajua. Kila nyundo ilipolia alisema, "Taratibu baba, gari la mwanangu hilo." Grainda ilipoanza kupiga kelele akaniuliza, "Kwani mwanangu alipolifunga, alilikata?" Mkwe habishani na mama mkwe. Nikasema, "Hapana Mama, nasafisha kidogo tu," nikafa kikondoo chini ya gari na mdomo umejaa vumbi la chuma.

Alhamisi nikampeleka kliniki, njia ile ile, mashimo yale yale. Hakushika mpini wa mlango. Hakuguna. Tulipovuka lile shimo kubwa la kwenye kalavati nilimtazama kwa kioo, nikamwona anatabasamu. Akasema, "Unaona gari la mwanangu? Alilifunga kwa mikono yake, mpaka leo linanibeba kama yai."

Nikaendelea kuendesha kwa mkono mmoja.

Dada yako alijaribu kumweleza jioni ile. Mama akamwambia kila mke humtetea mumewe. Mcheza kwao hutunzwa, shemeji, na mimi hapa si kwetu. Nimembeba Mama miaka yote hii kitandani, garini, mpaka mlangoni mwa bafu, na kujisemea mbele yake siwezi. Anayeweza ni wewe peke yako, kwa kuwa lako ndilo neno asilolipinga.

Ninachotaka ni hiki: mpigie Mama, umwambie, "Nati niliifunga vibaya, na mkweo ndiye aliyeifungua." Basi. Hutapungukiwa kitu, mapenzi yake kwako hayana mwisho. Lakini yeye ana mwisho, na daktari wa kliniki hakunificha. Sitaki aondoke bila kujua ni nani aliyekuwa kwenye usukani.

Nusu ya nati ile nimeitia humu kwenye bahasha. Ishike utakapokuwa unaongea naye.

Dada yako anakusalimu, na amesema hana la kuongeza. Mchomelea mageti anakusalimu pia, anauliza kama siri bado ni siri. Wasalimie wanao na mama yao.

Mama amesikia kalamu, akauliza namwandikia nani. Nilipomwambia, akaniamuru niweke dua yake, nami naiweka kama alivyoitamka: "Mwanangu, Mungu aibariki mikono yako, mikono iliyolinyoosha gari lako nisiumie tena. Isipate jeraha kamwe."

Nimeandika kila neno, kwa mkono huu wenye bandeji.

Wako, nikupendaye hata leo,
Mume wa dada yako.