Breki za Shemeji Zimenyamaza

Shoga uko wapi? Shemeji yako kagonga geti la nyumbani kwake mwenyewe!

Si unazijua zile breki zake, zinalia mpaka mtaa mzima unajua bwana mkubwa karudi? Kila nikimwambia, anaongeza sauti ya redio.

Leo fundi kamtolea pedi za breki zilizolika mpaka chuma kinasaga chuma, akamfungia mpya. Gari kimyaaa.

Sasa mlinzi wetu huwa anafungua geti akisikia ule mlio kule kwenye kona. Leo hakusikia kitu. Na shemeji yako, kwa mazoea ya kukuta geti liko wazi, kaja moja kwa moja. PUUU!

Breki mpya, shoga. MPYA. Hakuzigusa!

Kashuka, ananiambia eti, "Fundi kaniharibia gari."

Sasa hivi yuko gereji, anadai arudishiwe kelele zake.