Kitambaa Chekundu cha Otonglo

Kwa Baba Nasambu, mume wangu,

Binti yako amechovya kidole kwenye wino wangu sasa hivi, akajipaka puani, na ananicheka. Kwa hiyo ujue ni mzima. Mahindi yameota. Kuku mweupe aliibwa.

Unasema nirudi kwa mama yako, kwa sababu Otonglo hapa ilitunyang'anya mwanetu Enos. Si Otonglo. Ni njia. Dresa wa zahanati, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa, alisema tumkimbize hospitali Kisumu, tukangoja gari barabarani mpaka mtoto akanyamaza mgongoni mwangu. Na kule hakuna aliyejua tunakuja.

Sasa sisi akina mama tumepanga na dresa. Mgonjwa akizidiwa, dresa anatundika kitambaa chekundu kando ya barabara. Salim, dereva wa lori la samaki wa omena, anasimama, anampakia mgonjwa, anakifunga mbele ya lori, na mlinzi wa hospitali akikiona anamwita sista. Mtoto akipona, Salim anamrudishia dresa maneno ya sista, dawa gani iendelee. Na kila mama anasindikizwa na mmoja wetu anayejua mlango wa kuingilia hospitalini.

Huyo sista nilimsumbua sana akubali kuwapokea wagonjwa wetu. "Mama, umehamia hapa?"

"Nimehamia, Sista, mpaka ukubali."

Alicheka, akakubali.

Leo zamu ya kusindikiza ni yangu. Usinikasirikie, Baba Nasambu. Huyo jirani yetu Rehma ananiita nje: "Mama Nasambu, toka! Mtoto wa Subira ana degedege, na Salim ameshasimama!" Nambeba Nasambu tunakwenda. Nakupenda, lakini kwa mama yako sirudi mpaka njia hii isimnyang'anye mama mwingine mtoto.