Uso wa Baba Mdogo kwenye Permi Yako

Kolwezi, mtaa wa Kasulo,
Jumapili, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Ezéchiel,

Salamu kwanza. Hujambo? Baridi ya Kanada inakuachia kidogo? Kile kikohozi nilichokuwa nakisikia kwenye simu kimekwisha? Unakula kitu cha moto, au bado ni mkate asubuhi na mkate jioni? Usiniambie uko mzima tu kama unavyosema kila siku. Niambie kweli.

Sisi huku tu wazima. Baba analalamika mgongo wake uleule. Ufa wa ukuta wa sebule umeongezeka tangu jirani aanze tena kuchimba madini chini ya jiko lake, ila nyumba bado imesimama. Mimi naenda Kasaji kufuata unga wa muhogo na kurudi kuuuza, na Mado, kitinda mimba wetu, ananisaidia mezani sokoni. Mvua ni nyingi mwaka huu.

Haya, salamu zimetosha. Ezéchiel, nimekasirika.

Utashangaa kuona nimeandika Kiswahili cha kanisani. Nimefanya makusudi. Kile chetu cha Kolwezi matusi yake yako tayari mdomoni, na Mignonne anayekuletea bahasha hii ni binti wa watu, sitaki abebe uchafu mpaka Kanada. Na sikutuma sauti kwa WhatsApp kwa sababu sauti haikawii kufika kwenye grupu ya familia, na hiyo familia ndiyo ninayotaka kuisema.

Wewe uliniomba jambo dogo. Ulisema shule imekupa stage, mafunzo ya kazi, kwenye kiwanda kilicho mbali na mji, basi haliendi huko, na ili wakupe permi ya kwao ya kuendesha gari wanataka hati ya ofisi ya hapa kuthibitisha kwamba permi uliyoipata Kolwezi ni ya kweli. Ukaongeza kwamba ubalozi nao unataka kitambulisho chako kithibitishwe kabla hawajakupa pasipoti mpya, na pasipoti yako inaisha mwezi wa tano. Bila pasipoti hakuna ruhusa ya kukaa. Bila ruhusa hakuna shule, utarudi hapa umebakiza mwaka mmoja tu umalize. Hayo yote niliyaelewa. Nikasema, hii ni kazi ya asubuhi moja.

Asubuhi moja! Nilimwachia Mado unga, nikavaa kile kitenge changu cha kwenda ofisini, nikaenda ofisi ya permi. Pale kuna mzee mmoja mpole anaitwa Tata Kisimba. Akaandika jina lako kwenye kompyuta, akatazama, akanitazama, kisha akaigeuza kompyuta upande wangu. Akaniuliza, "Mama, njo huyu ndugu yako?"

Nilikuwa naangalia sura ya Baba Mdogo Ntambwe.

Jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya permi yako, na juu yake kichwa cha mdogo wa baba yetu, nywele nyeusi tii, shati limefungwa mpaka kooni, anatazama mbele kama bwana harusi. Na chini wameongeza: malori makubwa. Wewe, uliyeangusha gari la auto-école, la kujifunzia udereva, mtaroni mbele ya soko, eti unaendesha malori ya mgodi! Kwanza nilicheka, sikufichi. Halafu Tata Kisimba akanieleza polepole kwamba hati haiwezi kutoka, kwa kuwa kwao Ntambwe Tshiamala Ezéchiel ni huyo bwana wa kwenye picha, na kijana aliye Kanada na karatasi hizohizo ataonekana mwizi. Akanipeleka ofisi ya vitambulisho iliyo upande wa pili wa ua. Huko nako, sura ileile. Hapo damu ilinichemka.

Ndipo nilipoelewa zile nywele. Ulipoondoka tu, Baba Mdogo alianza kujipaka rangi nyeusi. Mkewe, Mama Fifi, alikuja hapa akalia jioni nzima akidhani mumewe amepata mwanamke wa nje, nami kama mjinga nikalia naye. Kumbe hakuna mwanamke. Kampuni ya mgodi ilikuwa inatafuta madereva vijana, na yeye ana miaka hamsini na moja. Basi akajivika yako, ishirini na minane. Kazini wanamwita Ezéchiel. Ezéchiel! Mtu mwenye miwani ya kusomea!

Nilipanda pikipiki moja kwa moja mpaka kwake. Nikamkuta anakula bukari, ugali wetu, na samaki, akanikaribisha ninawe mikono. Nikamwambia sikuja kula. Nikamuuliza. Hata hakuinamisha kichwa, akameza tonge lake vizuri, akasema, "Hii jina ni yangu. Mi njo nilimupa ule mutoto. Mutu anaweza kuiba kitu yake mwenyewe?"

Macho makavu namna hiyo sijawahi kuyaona.

Habari ya jina naijua, hana haja ya kunifundisha. Ulipotaka kuzaliwa Baba alikuwa Sandoa anatafuta mahindi, na Baba Mdogo, kijana wakati ule, ndiye aliyempandisha Mama kwenye baiskeli na kumsukuma katika matope mpaka hospitali. Kwa sababu hiyo Baba alikupa jina lote la mdogo wake, Ntambwe Tshiamala, na Ezéchiel ukalipata kwenye ubatizo. Wajina wako ni kama baba yako wa pili, na alikuwa baba kweli, alikununulia viatu vya komunyo ya kwanza, alikufundisha baiskeli. Sikatai hata moja. Lakini ni nani aliyesema kwamba ukimpa mtoto jina lako unaweza kurudi siku moja kulichukua, pamoja na siku aliyozaliwa, pamoja na permi aliyoitolea jasho?

Baba akaita kikao cha familia. Nikashukuru, nikasema sasa wakubwa watamwonya. Ebu sikiliza walichoamua. Walisema Baba Mdogo akiacha kazi watoto wake watafukuzwa shule, na dawa za presha za Mama nani atanunua, kwa kuwa ni yeye anayezinunua. Hilo ni kweli, nakuambia ujue. Basi suluhisho lao ni hili: yeye abaki na karatasi zako, na wewe uchukue zake za zamani. Uwaambie Wakanada kwamba kulikuwa na makosa, umezaliwa mwaka 1974. Baba alisema hivyo mwenyewe, "Muache mutoto achukue miaka ya wajina wake, bitaisha." Mwaka 1974 Mama alikuwa na miaka saba! Nikawauliza, Mama alikuzaa akiwa na miaka saba? Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananitazama mimi kama ndimi mwenye kichaa.

Nikauliza tena: cheti cha kuzaliwa cha Ezéchiel, Baba Mdogo alikitoa wapi? Kile cheti kinakaa katika sanduku la Baba, na ufunguo uko shingoni kwa Baba, hauvui hata akioga. Baba akakohoa, akasema alimwazima tu kwa muda mfupi. Alimwazima! Kama mtu anayeazima jembe! Ezéchiel, niliondoka pale bila kuaga, na unanijua, mimi si mtu wa kuondoka mbele ya wazazi bila kuaga.

Na wewe nawe! Usidhani utapona kwenye barua hii. Nimekupigia, nimekueleza yote, wewe ukanijibu kwa sauti ya mgonjwa: "Yaya, acha tu, ni baba yetu, nitatafuta njia ingine." Njia gani? Utawaambia nini watu wa ubalozi? Utarudi Kolwezi ufanye nini, na ukifika, uwanja wa ndege uonyeshe karatasi gani, kama jina lako liko ndani ya lori linalobeba mawe? Tangu utotoni ni hivyohivyo. Mtu anakunyang'anya andazi, wewe unamwambia chukua na chai. Hii tabia wanaiita heshima. Mimi imenichosha.

Basi nilirudi kwa Tata Kisimba peke yangu.

Alinieleza vizuri, simlaumu. Alisema dada wa tumbo moja anaweza kutoa ushuhuda na kuonyesha picha za zamani, na sura yako itarudishwa mahali pake. Lakini akikwisha kuandika, inabidi aiandikie pia kampuni kwamba dereva wao ana karatasi za mtu mwingine. Haiwezekani kuandika huku na kunyamaza kule. Aliweka kalamu chini, akaniambia niende nyumbani nifikiri, nirudi hata wiki ijayo.

Nikamwambia nimeshafikiri, andika. Nikatoa ile picha yako ya siku ya diploma, na ile mliyosimama wawili, wewe na Baba Mdogo, mbele ya kanisa, ili waone vizuri nani ni nani. Nikasaini.

Kampuni ilimsimamisha Baba Mdogo kazi. Walimnyang'anya kofia na zile nguo za kazi zenye mistari inayong'aa, akarudi nyumbani kwa miguu katikati ya mchana, watu wote wa mtaani kwake wanaona. Anatakiwa kwenda kujieleza ofisini, na sijui wataamua nini. Nasikia ameacha kupaka rangi. Nasikia mvi zimetoka zote pamoja.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu hapa. Yule mzee nampenda. Nilipokuwa na malaria ile mbaya, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko yote, kwamba angekuja mapema, akasema jamani nimezeeka, hakuna anayeniajiri, nisaidieni, tungetafuta pamoja, hata unga wa Kasaji tungeuza pamoja. Lakini hapana. Alikula maisha yako kimya kimya na kutukaribisha mezani kwake. Namlaumu yeye, namlaumu Baba, na kampuni inayomwona mtu wa miaka hamsini kuwa takataka naichukia pia.

Ndani ya bahasha utakuta hati mbili, ya permi na ya kitambulisho, zote zina mihuri na zote zina sura yako. Usizikunje. Mignonne akifika, nenda umpokee mwenyewe, usimtume rafiki. Kesho yake uzipeleke ubalozini, na ukitoka huko nenda kwenye ofisi ya permi. Usisubiri upate nguvu. Nguvu mimi nimeshatoa.

Na jambo moja nakukataza. Usimpigie Baba Mdogo kumwomba msamaha. Mpigie umsalimie, ni wajina wako, muulize hali yake na watoto. Lakini msamaha usiombe, kwa sababu wewe hukufanya kosa. Kama kuna wa kulaumiwa kwa kazi yake, waambie ni mimi, nipo hapa, wanajua ninapouzia.

Wanaokusalimu safari hii ni wachache. Mado anakusalimu sana, anasema umletee koti la baridi hata kama huku hakuna baridi. Tata Kisimba anakusalimu pia, ingawa hujawahi kumwona. Anasema sasa anakujua sura. Baba anakusalimu. Alisema hivyo huku ameugeukia ukuta, lakini alisema.

Watoto wa Baba Mdogo nilikutana nao wakitoka shule, maana muhula huu ulikuwa umelipwa. Hawakuniamkia. Yule mdogo alitaka kunikimbilia kama kawaida, dada yake akamshika mkono wakavuka barabara.

Mama hali chakula nilichopika mimi. Nikisonga bukari, anangoja Mado asonge ingine. Leo mchana nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia bahasha inaondoka kesho, aniambie neno moja tu nikuandikie. Aliendelea kutwanga. Nilisimama pale mpaka majani yakalainika kabisa, akayatia sufuriani, akapita karibu yangu kuingia ndani. Kwa hiyo salamu za Mama sina, mdogo wangu, na sitaki kukutungia.

Mungu aliyekuvusha bahari akushike huko uliko, akufungulie ofisi zote, na akupe hasira kidogo, inakufaa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata leo,

Jocelyne Mushiya