Kiti cha Baba Kimetangazwa

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shangazi. Mimi mzima. Baridi ya huku haijaniua, tumezoeana tu.

Katika barua yako umeniuliza tena nafanya kazi gani hasa, maana majirani wakikuuliza unabaki kusema "yuko ofisini." Ngoja nikueleze. Nasoma matangazo ya kazi, ya magazetini na ya mitandaoni. Si kwamba natafuta kazi. Ndiyo kazi yenyewe. Kila serikali ina mamlaka zake za kukagua mambo: dawa, umeme, maji, gesi. Mtu wa nje hawezi kuingia ndani akahesabu wakaguzi, lakini mamlaka ikitaka mtu lazima itangaze, na tangazo husema mengi kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Wakitafuta mtu wa kutumia mashine fulani, ujue mashine wanayo. Wakirudia tangazo lile lile, ujue hajapatikana. Wakitafuta maofisa uhusiano wanne na mkaguzi mmoja, ujue kuongea wanakujua kuliko kukagua. Mimi nakusanya, napanga, naandika ripoti: mamlaka hii iko macho, ile imelala. Kampuni zinanunua ripoti hizo.

Wiki iliyopita meneja wangu kanipa Mamlaka yenu. Alijua ni ya kwetu; hakujua ni ofisi yako. Nikafungua tovuti, nikakuta hili: Mkaguzi Mkuu wa Boila na Matangi ya Gesi, nafasi moja.

Baba, nchi nzima ina kiti kimoja cha jina hilo, na tangu nikiwa darasa la pili anayekikalia ni wewe. Siku zote ulisema utakiacha siku ya kustaafu, na siku hiyo bado. Mbona kiti chako kinatangazwa?

Nimekukumbuka. Juzi kwenye ngazi za jengo letu kulikuwa na fundi anagonga bomba kwa nyundo, anasikiliza, anagonga tena, kama wewe na matangi yako. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Mwanao,
Chiriku


2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo. Shangazi yako anakusalimia. Amehamia kwangu tangu mwezi uliopita, anasema nyumba yake inavuja.

Mambo ya matangazo yasikutie wasiwasi. Ofisi ndivyo ilivyo, leo wanapanga, kesho wanapangua. Labda wananitafutia msaidizi.

Kazi yako nimeielewa sasa. Nimemsimulia jirani yetu muuza dawa, akasema basi unapiga ramli kwa magazeti. Nikamwambia ramli haina ushahidi, mwanangu anao.

Unakula vizuri? Likizo yako mwaka huu ni lini? Nauliza tu.

Baba yako


25 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Barua yako nimeisoma mara nyingi, kwa sababu ni fupi na kwa sababu haisomeki. Mistari inapanda kama ngazi, na pale ulipoandika "msaidizi" neno moja limekaa juu ya jingine. Wewe ndiye uliyenifundisha kunyoosha mwandiko kwenye karatasi isiyo na mistari.

Msaidizi hatafutwi hivyo, Baba. Kujua hilo ndiyo kazi yangu. Tangazo lilisema "kujaza nafasi iliyo wazi." Wiki hii limetoka la pili: uzoefu wameushusha kutoka miaka kumi hadi mitatu, na mkataba ni wa muda mfupi. Maana yake la kwanza halikupata mtu. Nikarudi nyuma kwenye matangazo yote niliyoweza kuyapata. Tangu nilipoondoka nyumbani, Mamlaka haijatangaza hata mara moja nafasi ya mkaguzi chini yako. Madereva wapo, wahasibu wapo, maofisa uhusiano ndio usiseme. Ulikuwa peke yako? Miaka yote hii unaniandikia "sisi pale ofisini." Hao "sisi" walikuwa nani?

Na kuna jambo jingine. Mteja aliyeagiza ripoti hii ni kampuni inayotaka kuleta kwetu matangi makubwa ya gesi, ambayo yameshatumika kwingine, na kuyasimika karibu na nyumba za watu. Wana swali moja tu, na meneja aliniuliza bila kupepesa macho: "Yupo mtu wa kuyakagua?" Ripoti inatakiwa kabla ya katikati ya mwaka. Nikiandika hayupo, wataleta hata matangi yaliyooza. Nikiandika yupo, nitakuwa nimesema uongo.

Niambie ukweli, una nini? Kwenye simu utaitengeneza sauti, nakujua. Niandikie.

Mwanao,
Chiriku


9 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba. Huu si mwandiko wangu. Anayeandika ni shangazi yako, mimi nasema.

(Ndiyo mimi, mwanangu, hujambo? Barua yako ilikaa mezani wiki nzima na zaidi, hakutaka niisome wala hakukubali kwamba yeye hawezi kuisoma. Akidanganya nitakwambia hapa hapa.)

Ni presha ya macho. Maisha yangu yote napima presha ya matangi ya watu, kumbe nyingine inapanda kimya kimya kichwani mwangu mwenyewe. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Pembeni pameondoka kwanza. Sasa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: mwisho wake kuna duara la mwanga, na kitu kikiingia kwenye duara nakiona. Kisichoingia hakipo. Lakini naendelea vizuri.

(Jana aligonga kabati kwa paji la uso, akaliomba radhi.)

Hakuna aliyenifukuza. Mwishoni mwa mwaka jana nilikwenda kukagua boila ya kiwanda cha sabuni. Nikasimama mbele ya kipimo, najua kuna mshale, siuoni. Nikamwita dereva, nikamwambia, "Hebu nisomee hapa." Akasema, "Mzee, si wewe ndiye unayesoma?" Nikageuza ndoo iliyokuwa pale, nikaikalia. Siku ile sikuweka sahihi. Kesho yake nikapeleka barua ya kuacha kazi. Mkaguzi anayeazima macho ya dereva, huyo si mkaguzi tena.

Na hao "sisi" walikuwa mimi na dereva. Wasaidizi niliomba kila mwaka mpaka nikachoka kuomba. Sikutaka ujue. Ungeona huku nyumbani hakuna kitu cha kurudia.

Ripoti yako andika ukweli. Mimi sijawahi kupitisha tangi bovu kwa sababu mwenye tangi ni mtu mwema, na wewe usianze leo kwa sababu aliyeacha kiti ni baba yako. Ila fikiria jambo hili. Uliyoyasoma yako hadharani. Wasiotutakia mema wanayasoma, tena wanalipa watu wawasomee. Wa kwetu mbona hawayasomi? Waandikie na wao.

(Ameenda kunawa, kwa hiyo naandika haraka. Mwanangu, kila siku mchana anakaa barazani na ile picha yako ya mahafali, anaisogeza karibu na pua, anaizungusha apate uso wako kwenye hilo bomba lake. Juzi aliniuliza, "Hivi siku hizi amenenepa, au yuko vile vile?" Haya hajaniruhusu kuyaandika.)

Baba yako
(na Shangazi)


11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi, shikamoo na wewe. Nawaombea afya, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Barua yenu niliisomea kazini, kwenye ngazi za nyuma ambako hapiti mtu. Nilipofika kwenye kabati nilicheka. Nilipofika kwenye picha nilishindwa kurudi mezani.

Nimefanya ulivyosema, yote mawili. Kwenye ripoti nimeandika kwamba mkaguzi hayupo. Halafu nikamwandikia mkurugenzi wa Mamlaka. Nilimpangia matangazo yake mwenyewe, mwaka kwa mwaka, na chini ya kila moja nikaeleza mgeni anajifunza nini akilisoma. Mteja sikumtaja. Mwishoni nikasema: haya nimeyaona nikiwa mbali, bila kumwuliza mtu yeyote ndani ya ofisi yako, na wanaotaka kujua zaidi ni hao hao unaopaswa kuwakagua.

Kisha nikaenda kwa meneja, nikamwambia nilichofanya kabla hajakisikia kwa wengine.

"Umewapa ripoti ya mteja?"

"Hapana. Nimewapa matangazo yao."

"Ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka wajue kwamba wanaonekana."

Akazipanga kalamu zake sambamba, kisha akasema mkataba wangu ukiisha hautaongezwa. Si mtu mbaya. Ameniandikia barua nzuri ya utambulisho, na kwa barua hiyo nimepata kazi nyingine hapa hapa mjini, inaanza mwezi wa kumi na moja.

Sasa sikia, Baba. Nikitoka nchi hii kabla ya kuanza kazi hiyo, kibali changu cha kuishi huku kinakufa, na sidhani kama nitapewa kingine. Nikianza kazi, naweza kuja mwakani kwa likizo ya maana. Mwakani si mbali. Lakini niambie, daktari anasema macho yaliyobaki ni ya muda gani? Shangazi, akizunguka zunguka, jibu wewe.

Mwanao,
Chiriku


30 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba. Hatujambo. Najua nimekuweka roho juu kwa ukimya huu. Naanza na habari njema kwa sababu ndiyo ninayoiweza.

Mkurugenzi alikuja hapa nyumbani mwenyewe, na suti yake. Shangazi yako akamkalisha makusudi kwenye kiti kinachoyumba.

(Si makusudi. Viti vizuri nilikuwa nimeanikia nguo.)

Alikuwa na barua yako, imekunjwa mpaka imechoka. Akaniuliza, "Huyu ni binti yako?" Nikamwambia ni wangu. Akasema, "Ametuvua nguo." Nikamwambia, "Mlijivua wenyewe, tena gazetini. Yeye amewaambia tu kwamba kuna baridi." Akacheka, lakini si sana. Kisha akaniomba nirudi kufundisha. Najua tangazo jipya utakuwa umeliona: wakaguzi watatu, uzoefu si lazima, watafundishwa kazini na mkaguzi mstaafu. Huyo mstaafu ni mimi. Wamepatikana wawili, kijana mmoja na binti mmoja. Asubuhi dereva ananipitia, yule yule, na sasa ananisomea hata mabango ya njiani bila kuombwa.

Yale matangi yalishafika. Tulikwenda. Mimi nikagonga nyundo, wao wakatazama. Nilipofika upande wa chini binti akasema, "Mzee, hapa sauti imekufa." Nilikuwa nimeshaisikia, nikanyamaza ili aiseme yeye. Wakapima unene, chuma kimeliwa kwa ndani. Yamezuiwa yasisimikwe. Kampuni inalalamika kila siku, waache walalamike. Siku ile nilirudi nyumbani nikala chakula chote.

(Na changu.)

Sasa la daktari. Jibu nililichelewesha nikitumaini litakuwa zuri. Si zuri. Duara limepungua tangu nilipokuandikia. Daktari anasema lililopotea halirudi, lililobaki tunalilinda kwa dawa, na hataki kunidanganya kwa kunitajia tarehe.

Mwanangu, sijawahi kukuomba urudi. Siku unaondoka nilikwambia nenda, na kila ulipoahirisha nilikwambia kazi kwanza. Hata safari hii nilimwambia shangazi yako aandike kwamba ufuate kazi yako mpya, mimi nitakusubiri.

(Niliandika vizuri kabisa. Karatasi ile aliichana mwenyewe.)

Basi naomba. Siombi uje kunitunza, shangazi yako ananitosha na chenji inabaki. Nataka kukuona. Nipe mchana mmoja ukae mbele yangu, usinijie kwa pembeni, niupate uso wako wote kwenye hiki kiduara, nikutazame mpaka nishibe. Baada ya hapo mwanga ukiisha utaisha nikiwa na sura yako ya sasa. Nikifikiria kwamba utakuja kuzeeka na mimi nikikuwaza nakuona bado msichana wa kwenye picha, usingizi haupatikani.

Ukiona haiwezekani, sitanuna.

(Atanuna.)

Baba yako
(na Shangazi)


24 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi, msomee polepole, na usiongeze yako.

Kazi mpya nimewaandikia kwamba siichukui. Kibali nimekirudisha. Mama wa uhamiaji aliyekipokea dirishani aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika sina, lakini naondoka. Akagonga mhuri.

Nimeona kwamba nafasi ya tatu mmeitangaza tena. Sikuiomba, kwa hiyo usianze kunipangia maisha na huyo mkurugenzi wako. Nakuja kukaa kwanza. Mengine tutayajua tukiwa tumeketi.

Nimenenepa kidogo, zaidi mashavuni. Nywele za mbele zina mvi, nimezianza mapema kama wewe. Navaa miwani, nitaivua ukitaka. Nakwambia haya mapema usije ukadhani umeletewa mtoto wa mtu mwingine.

Nitafika mchana. Ukisikia mlango usinyanyuke, kaa pale pale barazani penye mwanga. Mimi nitaweka mizigo chini, nitavuta kigoda mpaka magoti yetu yagusane, na sitasema kitu mpaka wewe useme umeniona.

Usinijibu, Baba. Jibu likifika huku litamkuta mwenye nyumba peke yake.

Mwanao